Kung'oa na kusisimua elektroni za chuma kwa daftari na kalkuleta

Binti mmoja wa kidato cha sita aliniuliza tukiwa tunarudisha vifaa kabatini baada ya kipindi cha maabara: "Mwalimu, uso wa Jua ni Kelvini 5,800, lakini taji lake, ile gesi iliyo nje zaidi, wanasema lina milioni. Nani alipanda huko na kipimajoto?" Wenzake wakaangua kicheko. Nikamjibu kwamba aliyepanda ni chuma. Wakacheka tena, wakidhani nimekwepa swali.

Sikukwepa. Tarehe 7 Agosti 1869, Jua lilipopatwa kabisa na kivuli kikapita Marekani, Charles Young na William Harkness waliona mstari wa kijani katika mwanga wa taji. Kwa miaka sabini mstari ule haukulingana na elementi yoyote iliyowahi kuchomwa maabara, hata watu wakabuni elementi mpya wakaiita koronio. Kuanzia mwaka 1939 Walter Grotrian, na baada yake Bengt Edlén, wakaonyesha kuwa ni chuma kile kile cha misumari, ila kimepokonywa elektroni 13 kati ya 26 zake. Kuing'oa ile ya 13 kunadai nishati ya elektronivolti 361 (nitaandika eV). Katika gesi ya Kelvini 5,800 elektroni moja ina wastani usiofika hata eV 1. Basi kipimajoto chenyewe ni hicho: tazama elektroni ngapi zimeng'oka, utajua kilichozing'oa kilikuwa na nguvu kiasi gani. Na kilichozing'oa ni elektroni wenzake, zile zilizo huru, zinazopita kasi na kugonga.

Haya ni maelekezo ya kufanya hesabu ya migongano hiyo mwenyewe. Nafundisha fizikia Tanga, nimebakiza miaka miwili kustaafu, na kikokotoo ninachokitaja humu ni cha sayansi, si kile cha mafao. Casio ya wanafunzi yenye ln na eˣ inatosha. Programu za kompyuta zipo na nitazifikia mwishoni, lakini niliwahi kukaa wiki mbili kwenye mafunzo huko Ulaya nikiwa na vijana hodari kuniliko, na programu ikiwapa jibu lililokosewa mara elfu wanalinakili vilevile. Ukishafanya kwa mkono mara moja, jibu la namna hiyo unalistukia lingali mlangoni.

Kuchagua ayoni na kukusanya namba

Ayoni ni atomu iliyopokonywa elektroni. Tutumie chuma kilichobakiwa na elektroni 10, yaani Fe¹⁶⁺ (Fe ni alama ya chuma, 16+ ni idadi ya elektroni kilizopoteza). Nimeichagua kwa sababu elektroni zake zimepangwa kama za neoni: mbili ndani kabisa, kisha ganda la pili lililojaa, 2s mbili na 2p sita. Ganda lililojaa halikubali kuvunjwa kirahisi, hivyo ayoni hii hudumu katika jotoridi pana na kung'ara sana katika eksirei, hasa juu ya maeneo ya Jua yenye madoa na wakati wa milipuko.

Mtego wa kwanza uko kwenye jina. Wanaastronomia huiandika Fe XVII, si XVI. Namba yao ya Kirumi huanza kuhesabu kutoka kwenye atomu nzima, hivyo atomu isiyopokonywa kitu ni Fe I, na iliyopokonywa 16 ni Fe XVII. Mstari wa kijani wa mwaka 1869 ni Fe XIV, nao ni chuma kilichopoteza 13. Mimi mwenyewe niliwahi kumaliza kurasa tatu za hesabu juu ya ayoni jirani. Tangu hapo, juu ya kila ukurasa naandika kwanza: elektroni zilizobaki ni ngapi.

Namba nyingi unazipata bure kwenye hifadhidata ya spektra za atomu ya NIST, taasisi ya vipimo ya Marekani, hata kwa simu. Unahitaji nne.

Kizingiti cha kung'oa elektroni ya 2p ni eV 1,263. Cha kung'oa ya 2s hakikuandikwa waziwazi, ila unakipata kwa akili. Ukitoa elektroni ya 2s, ayoni inayobaki, Fe¹⁷⁺, iko juu ya hali yake ya chini kwa kiasi cha nishati ya mstari wake wa mwanga wenye urefu wa wimbi wa angstromu 93.9 (angstromu moja ni sehemu ya bilioni kumi ya mita). Gawanya 12,398, namba inayogeuza angstromu kuwa eV, kwa 93.9 upate eV 132. Jumlisha: 1,263 na 132 ni 1,395. (Mstari huo wa 93.9 ndio ule ambao SDO, chombo cha NASA cha kulitazama Jua kilichorushwa 2010, hupigia picha za milipuko ya Jua. Ukiona picha ya Jua ya kijani yenye nyuzi zinazowaka, umeuona.)

Mbili zilizobaki ni za kusisimua. Mstari mkali kuliko yote wa Fe¹⁶⁺ uko kwenye angstromu 15.01, na wenyewe huuita 3C. Hutokea elektroni ya 2p inaporushwa hadi 3d kisha ikarudi. Nishati yake ni 12,398 ÷ 15.01, yaani eV 826. Nguvu ya mpito wake, ile inayoandikwa kwa herufi f, ni takriban 2.3.

Kama umekulia chini ya mwembe, tofauti ya kusisimua na kung'oa unaijua. Ukirusha jiwe likagonga embe kidogo, embe linayumba kisha linatulia. Likigonga sawasawa, kikonyo kinakatika. Hapa pia elektroni iliyosisimuliwa "hutulia" kwa kutoa fotoni, yaani chembe ya mwanga, na fotoni hiyo ndiyo tunayoiona kwenye darubini. Lakini mfano wangu una kasoro moja ambayo itatuhusu mbele: embe halilivuti jiwe. Ayoni yenye chaji 16 huivuta elektroni inayokuja, huikunja njia yake na kuiongezea kasi kabla haijafika.

Kung'oa: kwanza kwa elektroni zenye nishati moja

Fizikia haisemi "itagonga" au "haitagonga". Inakupa eneo. Fikiria ayoni kama sahani ndogo iliyosimamishwa mbele ya mvua ya elektroni: kila elektroni itakayopita ndani ya sahani itang'oa, itakayopita nje haitang'oa. Ukubwa wa sahani hiyo nauita eneo la shabaha, alama yake σ, kipimo chake sentimita mraba. Ayoni yenyewe haina sahani, na eneo hilo hubadilika kulingana na nishati ya elektroni inayokuja. Lakini mahesabu yote ya plazima, yaani gesi ya ayoni na elektroni huru, yanasimama juu ya dhana hii.

Mwaka 1967 na 1968 Wolfgang Lotz, Mjerumani wa Garching, alitoa fomula ambayo hadi leo watu wanaitumia wanapotaka jibu la haraka:

σ = 4.5 × 10⁻¹⁴ × jumla ya [ n × ln(E/I) ÷ (E × I) ]

E ni nishati ya elektroni inayogonga, I ni kizingiti, vyote kwa eV. n ni idadi ya elektroni zilizo kwenye ganda dogo husika. Unafanya kwa 2p, unafanya kwa 2s, unajumlisha. Zile mbili za ndani kabisa ziache: kizingiti chake kiko juu mno.

Tuchukue E = 3,000.

Kwa 2p: 3,000 ÷ 1,263 = 2.375. ln yake ni 0.865. Mara 6 ni 5.19. Gawanya kwa (3,000 × 1,263), upate 1.37 × 10⁻⁶.

Kwa 2s: 3,000 ÷ 1,395 = 2.151. ln yake ni 0.766. Mara 2 ni 1.53. Gawanya kwa (3,000 × 1,395), upate 0.37 × 10⁻⁶.

Jumla 1.74 × 10⁻⁶, mara 4.5 × 10⁻¹⁴, jibu ni 7.8 × 10⁻²⁰ sentimita mraba.

Ukipata 3.4 badala ya 7.8, umebonyeza log badala ya ln. Nalijua kosa hilo kwa jina na ukoo, maana nililifanya ubaoni mbele ya darasa zima, na kijana wa nyuma kabisa ndiye aliyenisahihisha. Uwiano wa makosa hayo ni 2.303 daima. Ukiona jibu lako limepishana na la mwenzako kwa 2.3, acheni kubishana, tazameni kitufe.

Sasa lipime jibu kwa akili kabla ya kuliamini. Haidrojeni isiyochajiwa, kwa nishati inayoifaa zaidi, ina eneo la shabaha la karibu 7 × 10⁻¹⁷. Chuma chetu ni kidogo kwa karibu mara 900. Je, inaleta maana? Ndiyo. Elektroni za 2p zimevutwa karibu sana na kiini, na kizingiti chake ni kikubwa mara 93 kuliko 13.6 ya haidrojeni. Katika fomula, I inagawanya mara mbili (E nayo hukua pamoja na I), hivyo eneo hupungua kwa mraba wa 93, karibu 8,600. Kisha unazo elektroni nane za kugongwa badala ya moja, ambazo zinarudisha karibu mara nane. 8,600 ÷ 8 ni kama elfu moja. Imekubali.

Angalia pia umbo la fomula. E ikiwa sawa na I, ln(1) ni sifuri: elektroni iliyofika kizingitini haing'oi kitu, kwa sababu elektroni mbili zinazotakiwa kuondoka hazina hata senti ya nauli. Eneo linapanda hadi E inapokuwa mara 2.72 ya I, kisha linashuka taratibu, maana elektroni yenye kasi sana hupita bila kukaa karibu vya kutosha.

Hesabu hii ya nishati moja si ya ubaoni tu. Mwaka 1986 huko Livermore, California, Morton Levine na Ross Marrs na wenzao waliunda mtego ambao boriti nyembamba ya elektroni, iliyobanwa na sumaku kali, huzishika ayoni ndani yake na wakati huohuo kuzigonga. Unachagua volteji, unachagua nishati, unangoja. Muda wa kungoja unaupata hivi: gawanya chaji ya elektroni, 1.6 × 10⁻¹⁹, kwa zao la mkondo kwa kila sentimita mraba na σ. Tuseme mkondo ni ampia 1,000 kwa sentimita mraba. 1.6 × 10⁻¹⁹ ÷ (1,000 × 7.8 × 10⁻²⁰) ni sekunde 0.002. Ndani ya milisekunde mbili chuma chetu kimepoteza elektroni ya 17.

Halafu kwa halaiki yenye kila kasi

Kwenye taji la Jua hakuna aliyechagua volteji. Elektroni zina kasi za kila namna, zimegawanyika kwa mtawanyo wa Maxwell, na jotoridi ndilo linaloeleza mtawanyo huo umepanuka kiasi gani. Tufanye kazi na Kelvini milioni 5. Kuzigeuza kuwa eV, gawanya kwa 11,604: tunapata 431.

Hapa ndipo wengi hushtuka. Kizingiti ni 1,263 na jotoridi ni 431 tu. Mbona inang'oa? Inang'oa kwa mkia. Katika mtawanyo wa Maxwell wenye 431, elektroni kama 12 katika kila 100 zina nishati inayozidi 1,263. Hizo ndizo zinazofanya kazi, nyingine 88 zinapita tu. Punguza jotoridi hadi Kelvini milioni 1, idadi hiyo inakuwa kama 2 katika kila milioni. Jotoridi limeshuka mara tano, wafanyakazi wamepungua mara elfu sitini. Kama kuna jambo moja ningependa mwanafunzi aondoke nalo kwenye hesabu hii yote, ni hilo: ayoni ni kipimajoto kizuri kwa sababu inahesabu mkia, na mkia hauvumilii mabadiliko hata madogo.

Ukizidisha fomula ya Lotz kwa kasi na kuijumlisha juu ya mtawanyo wote, unapata kiwango cha kung'oa:

S = 3.0 × 10⁻⁶ × jumla ya [ n × E₁(x) ÷ (I × √T) ], ambapo x = I/T

T na I bado ni eV. S inatoka kwa sentimita za ujazo kwa sekunde. E₁ ni fanksheni ya kihisabati ambayo kalkuleta haina kitufe chake, lakini makadirio haya yanakaa vizuri kuanzia x = 1 kwenda juu:

E₁(x) ≈ (e⁻ˣ ÷ x) × (x² + 2.33x + 0.25) ÷ (x² + 3.33x + 1.68)

Kwa 2p, x = 1,263 ÷ 431 = 2.93. e⁻ˣ ni 0.0533. Ukikokotoa hadi mwisho, E₁ ni 0.0142. Mzizi wa 431 ni 20.8. Kwa hiyo 3.0 × 10⁻⁶ × 6 × 0.0142 ÷ (1,263 × 20.8), yaani 9.7 × 10⁻¹². Kwa 2s, x ni 3.24, E₁ ni 0.0097, na mchango wake ni 2.0 × 10⁻¹². Jumla, kwa kuzungusha, 1.2 × 10⁻¹¹.

Namba hiyo peke yake haina ladha. Izidishe kwa idadi ya elektroni. Katika taji juu ya madoa ya Jua tuchukue elektroni bilioni moja, 10⁹, kwa sentimita ya ujazo. 10⁹ × 1.2 × 10⁻¹¹ ni 0.012 kwa sekunde. Kila ayoni ya Fe¹⁶⁺ husubiri kama sekunde 85 ndipo ing'olewe elektroni nyingine. Nilipoliandika jibu hilo ubaoni, yule binti alisema ni muda wa kuchemsha kikombe kimoja cha chai kwenye gesi. Nadhani chai yake ni ya haraka mno, lakini alikuwa amekwisha kulielewa jambo: ukitokea mlipuko wa dakika moja, ayoni hazipati nafasi ya kulifuata jotoridi, na kipimajoto kinabaki nyuma.

Kusisimua

Kwa kusisimua tunatumia namba isiyo na kipimo inayoitwa nguvu ya mgongano, alama yake Υ. Fomula ya kiwango ni kamili, haina makadirio ndani yake. Makadirio yote yamejificha ndani ya Υ:

q = 8.63 × 10⁻⁶ × Υ × e⁻ˣ ÷ (g × √T), ambapo x = ΔE/T

Mtego wa pili, na mkubwa: T iliyo chini ya mzizi hapa ni Kelvini, wakati kule juu ilikuwa eV. Ndani ya e⁻ˣ tumia eV juu na chini, au Kelvini juu na chini. g ni idadi ya hali za chini zinazolingana. Kwa ganda lililojaa ni 1.

Υ tunaipata wapi? Henri van Regemorter, mwaka 1962, aliona kwamba kwa mipito mikali inayotoa mwanga kwa urahisi, elektroni inayopita huitikisa ayoni karibu sawa na wimbi la mwanga linavyoitikisa. Kwa hiyo ukijua f, umekwisha kujua sehemu kubwa ya Υ:

Υ ≈ 14.5 × g × f × (13.6 ÷ ΔE) × 0.2

Ile 0.2 ni ya ayoni zenye chaji, elektroni inaporuka kutoka ganda moja hadi jingine. Kwa mstari wetu: 14.5 × 2.3 × (13.6 ÷ 826) × 0.2 ni 0.11. x ni 826 ÷ 431, yaani 1.92, na e⁻ˣ ni 0.147. Mzizi wa 5,000,000 ni 2,236. Kwa hiyo q = 8.63 × 10⁻⁶ × 0.11 × 0.147 ÷ 2,236, jibu 6.2 × 10⁻¹¹.

Linganisha na 1.2 × 10⁻¹¹ ya kung'oa. Kabla ayoni haijapoteza elektroni moja, mstari huu mmoja umewashwa mara tano. Hiyo ndiyo sababu tunaiona.

Na hapa ile kasoro ya mwembe inaonekana. Katika kung'oa, eneo huanza sifuri kizingitini. Katika kusisimua ayoni yenye chaji, eneo huanza likiwa tayari limesimama: elektroni yenye eV 826 kamili husisimua, kwa sababu mvuto wa chaji umeiharakisha na kuileta karibu hata kama itaondoka ikijikokota. Kwa atomu isiyo na chaji haiwi hivyo, eneo huanza sifuri. Ukichora grafu ya kusisimua ayoni ikaanzia kwenye sifuri, umechora kitu kingine.

Kwa elektroni 10⁹, kila ayoni husisimuliwa kwenye 3C mara moja katika sekunde 16. Inakaa imesisimka kwa muda gani? Kutoka f na urefu wa wimbi unapata kiwango cha kutulia cha karibu 2.3 × 10¹³ kwa sekunde, yaani inakaa sekunde 4.4 × 10⁻¹⁴. Inangoja sekunde 16 kwa ajili ya tukio la muda huo. Hakuna mgongano wa pili unaoweza kuiwahi ikiwa juu, na kwa hiyo kila kusisimuliwa ni fotoni moja. Ukihesabu fotoni umehesabu migongano.

Mahali fomula hizi zinapodanganya

Jaribu Fe¹⁵⁺, yenye elektroni moja zaidi, peke yake kwenye 3s, kama sodiamu. Kizingiti chake ni eV 489. Lotz atakupa jibu safi kwa elektroni hiyo moja, nalo litakuwa dogo mno. Kuna njia ya kichochoroni. Elektroni inayokuja ikiwa na zaidi ya eV 700 na ushei inaweza kuigonga elektroni ya 2p, ya ndani, na kuisisimua tu. Lakini sasa ayoni imebeba nishati inayozidi 489. Inaweza kuitoa kama mwanga, au inaweza kuimwagia ile elektroni ya 3s na kuitupa nje. Umesisimua, kumbe umeng'oa. Vipimo vilivyofanywa kwenye pete ya kuhifadhi ayoni huko Heidelberg na kuchapishwa 1995 vilionyesha wazi eneo likiruka juu pale kizingiti hiki cha pili kinapovukwa, na njia ya kichochoro huizidi ile ya moja kwa moja mara kadhaa. Hivyo kwa ayoni yenye elektroni chache nje ya ganda lililojaa, usimwamini Lotz peke yake.

Kichochoro hicho kina pacha wake kwa upande wa kurudi. Elektroni inayokuja inaweza kusisimua ya ndani na yenyewe ikanaswa hapo hapo, kisha ayoni ikatoa fotoni na kubaki nayo. Alan Burgess alionyesha mwaka 1964 kwamba katika joto la taji njia hii huzidi kunaswa kwa kawaida, na ikambidi kila mtu apandishe jotoridi alilokuwa ametangaza. Uwiano wa Fe¹⁷⁺ kwa Fe¹⁶⁺ ni kung'oa kugawanya kunaswa, kwa hiyo ukikosea upande mmoja umekosea kipimajoto kizima.

Hata f niliyokupa ina historia. Jirani wa 3C ni 3D, kwenye angstromu 15.26. Nadharia ilisema nguvu ya 3C ni takriban mara 3.5 ya 3D. Mwaka 2012 kipimo kwa leza ya eksirei huko Stanford kikatoa 2.61, na kwa miaka kumi watu hawakujua nani alaumiwe. Mwaka 2022 kipimo kipya huko Hamburg kilitoa 3.51. Nadharia ilikuwa sawa. Kwa wanaopima majoto ya makundi ya galaksi kwa mistari hii, hilo halikuwa jambo dogo.

Kwa ayoni nzito kabisa tatizo ni jingine. Urani iliyobakiwa na elektroni moja ina kizingiti cha karibu eV 132,000. Lotz kwa eV 198,000 anatoa 7 × 10⁻²⁵. Elektroni ya nishati hiyo inakimbia zaidi ya theluthi mbili ya kasi ya mwanga, na kanuni za Einstein zinaongeza nguvu za sumaku ambazo Lotz hakuziweka. Pale Livermore waliifikia nishati hiyo miaka ya 1990 wakapata urani isiyo na elektroni hata moja, na eneo walilopima ni kubwa kuliko la fomula.

Sasa washa kompyuta

Hifadhidata ya CHIANTI, yenye namba za atomu na ayoni, ni ya bure na imekuwepo tangu miaka ya 1990. Faili zake ni maandishi ya kawaida: fe_17.elvlc ina ngazi za nishati, fe_17.scups ina Υ zilizokokotolewa kwa njia bora kuliko ya van Regemorter. Pakua, elekeza XUVTOP (jina ambalo programu hulitumia kuitafuta hifadhidata) kwenye folda yake, sakinisha ChiantiPy, programu yake ya lugha ya Python, kisha:

import ChiantiPy.core as ch
fe = ch.ion('fe_17', temperature=5.e6, eDensity=1.e9)
fe.ionizRate()
print(fe.IonizRate['rate'])

Kumbuka jina la faili linafuata namba ya wanaastronomia, 17, si chaji 16. Jibu likiwa karibu na 10⁻¹¹, endelea. Likiwa 10⁻⁸ au 10⁻¹⁵, funga na utafute ulipokosea: mara nyingi ni jotoridi limeandikwa kwa eV, au ayoni si ile.

Kabla ya hapo, zoezi kwa mkono. Kokotoa eneo la kung'oa la Fe¹⁵⁺ kwa E = 1,000, njia ya moja kwa moja tu. Kizingiti cha 3s ni 489. Je, uweke pia 2p? Kuing'oa 2p kunaiacha Fe¹⁶⁺ ikiwa imesisimka kwa eV 725, hivyo kizingiti ni 489 + 725, yaani 1,214, na elektroni yako ina 1,000 tu: mlango umefungwa. Jibu ni 6.6 × 10⁻²⁰. Ukipata 2.9 × 10⁻²⁰, tazama kitufe.